Kabla ya pH Kulikuwa na Maua

Wasee, nilisoma asidi na besi kidato cha kwanza bila kugusa karatasi hata moja ya litmasi. Mwalimu aliinua moja mbele ya darasa, sisi wa nyuma tukaandika tu: asidi nyekundu, besi buluu. Sababu? Ati maabara haina vifaa.

Sasa skizeni. Mwaka wa 1664, Robert Boyle wa Uingereza alichapisha kitabu kuhusu rangi. Alieleza kwamba sharubati ya maua ya violeti ikitiwa asidi inageuka nyekundu, ikitiwa alkali inakuwa kijani. Maua tu! Kipimo cha pH kilikuja 1909, kazi ya Søren Sørensen katika maabara ya Carlsberg, watengenezaji bia wa Copenhagen.

Kabichi ya zambarau iko sokoni. Ichemshe, gawa maji yake mara mbili: huku kamua ndimu, huku tia magadi yale ya kupikia kunde. Utaona nyekundu na kijani.

Shule zetu zinahitaji maabara, hilo sibishani. Lakini mwanafunzi akimaliza shule hajawahi kuona rangi ikigeuka mbele ya macho yake, hapo msiniambie ni bajeti.