Pwani ya Akina Bruce

Kupumzika ni haja ya kila mwenye mwili. Mkulima huketi chini ya mwembe jembe likiwa kando yake, na baharia hujinyosha chomboni nanga ikiisha kutiwa. Lakini katika nchi ya Marekani, kwa miaka mingi baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, mtu mweusi hakuwa na hakika ya mahali pa kupumzikia pamoja na wenzake. Bustani nyingi, hoteli na fukwe zilikuwa za weupe tu. Ndiyo sababu mwaka 1872 watu weusi wa Houston, ambao wengi wao walikuwa watumwa miaka 7 tu nyuma, walichanga fedha wakanunua ekari 10 ili wapate uwanja wa kusherehekea siku ya ukombozi wao.

Katika jimbo la California aliyeifanya kazi hiyo alikuwa mwanamke. Mwaka 1912 Bibi Willa Bruce alinunua kiwanja kando ya bahari katika mji wa Manhattan Beach, karibu na Los Angeles, kwa dola 1,225. Mumewe, Bwana Charles Bruce, alikuwa mpishi katika gari moshi, basi shughuli za pwani zikawa mikononi mwa mkewe. Alianza kwa kuuza chakula na kukodisha nguo za kuogelea. Hatimaye palisimama nyumba ya wageni yenye ukumbi wa dansi. Siku za Jumapili jamaa nzima nzima zilifika kutoka mjini: wazee wakaketi wakizungumza, watoto wakacheza majini, na watumishi waliochoka kwa kazi za juma zima wakala na kucheka bila ya kuamriwa na mtu.

Jambo hilo liliwachukiza baadhi ya majirani. Tangu mwaka ule wa kwanza kamba zilifungwa mbele ya kiwanja na vibao vya kukataza watu kupita vikasimamishwa, hata wageni wakalazimika kuzunguka karibu nusu maili ili waifikie bahari iliyokuwa mbele ya macho yao. Wakazunguka, wakaoga.

Kamba iliposhindwa, ikatumika sheria. Mwaka 1924 baraza la mji liliamua kutwaa viwanja vya akina Bruce, pamoja na vya jamaa nyingine za watu weusi, likisema kwamba mji unahitaji bustani. Akina Bruce walidai dola 120,000, wakapewa 14,500. Nyumba yao ilibomolewa mwaka 1927. Na bustani je? Mahali pale palikaa patupu miaka mingi, wala sidhani kwamba msomaji atahitaji kuelezwa zaidi juu ya nia ya baraza lile. Mke na mume wakarudi kupika katika majiko ya watu wengine. Bwana Bruce alifariki mwaka 1931, na mkewe mwaka 1934.

Habari hizi zingaliweza kupotea kabisa. Miongoni mwa waliozihifadhi ni Robert Brigham, mwalimu wa historia wa shule ya sekondari katika mji uo huo, aliyeziandikia tasnifu mwaka 1956. Hata hivyo, jina la Bruce halikuwekwa juu ya bustani ya hapo mpaka mwaka 2007.

Mwaka 2021 jimbo la California lilipitisha sheria ya kuwezesha ardhi hiyo kurudishwa, na mwaka 2022 vitukuu wa wenyewe wakakabidhiwa hati. Walakini eneo lilikwisha kutengwa kwa matumizi ya umma, wala haikuwa rahisi kujenga tena nyumba ya wageni. Mwaka 2023 jamaa hao wakaiuzia serikali ya wilaya ardhi yao kwa karibu dola milioni 20. Juu ya kiwanja alichonunua Bibi Willa pamesimama jengo la waokoaji wa baharini.