Nyumba ya Kwihara na Majina ya Wachukuzi

Sisi wa Malangali twaomba ruhusa tutazame nje ya Ufipa kidogo, hadi Kwihara, jirani na mji wa Tabora.

Huko iko nyumba ya namna ya tembe: kuta nene za udongo, paa bapa la miti lililofunikwa udongo, baraza mbele, na vyumba vinavyozunguka ua. Wenyewe walikuwa wafanya biashara Waarabu, waliotajirika kwa pembe na watumwa.

Mwaka 1871 Stanley alikaa humo. Februari 1872 akarudi pamoja na Livingstone. Stanley akaondoka Machi, na mzee yule akangoja miezi mitano mpaka wachukuzi walioajiriwa pwani walipofika. Agosti 25 akaondoka nao, akapita katika Ufipa yetu, akafariki kwa Chitambo mwaka 1873.

Oktoba mwaka huo Susi, Chuma na wenzao wakaufikisha mwili wake Kwihara, wakamkuta Cameron. Aliwashauri wauzike hapo. Wakakataa, wakaubeba mpaka Bagamoyo.

Leo nyumba ile ni makumbusho, nayo yaitwa kwa jina la mgeni. Waliobeba hutajwa wawili watatu tu.

Basi, katika mwaka huu wa kumi, hapana budi daftari la Chama Kikuu chetu liandike kila jina la mkulima aliyeleta gunia lake ghalani, si la mgeni wa heshima peke yake.