Pamba ya Nyanza ya Kusini na Soko Huria

Kando ya Ziwa Victoria, toka Kendu Bay hadi Homa Bay, na kusini zaidi mpaka nchi tambarare ya Nyatike katika Migori, iko ardhi ya udongo mweusi, mzito, upasukao wakati wa kiangazi. Mvua za huko si za kutegemewa. Mahindi hunyauka upesi, lakini pamba hustahimili. Kwa hiyo Waingereza, waliotaka pamba kwa viwanda vya nguo vya Lancashire, waliwahimiza watu wa Nyanza kuilima tangu mwanzo wa karne ya 20.

Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliunda bodi ya kuuza nyuzi na mbegu za pamba. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, vyama vya ushirika vilisaidiwa kununua viwanda vya kuchambulia pamba. Mkulima alichuma pamba yake, akatenga iliyo safi na yenye madoa, akaipeleka chamani kupimwa. Bei ilikwisha kutangazwa na serikali. Kiwandani, kama theluthi moja ya uzito ilitoka kuwa nyuzi, na sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa mbegu. Nyuzi zilipelekwa kwenye viwanda vya nguo, kama vile vya Kisumu na Eldoret. Mbegu zilikamuliwa mafuta, na nyingine zikarudi shambani kupandwa.

Yafaa tuangalie kwamba bodi na vyama vilifanya kazi tatu kwa pamoja: kununua mavuno, kutangaza bei mapema, na kumpatia mkulima mbegu na dawa ya wadudu kwa mkopo. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno ya Kenya nzima yalifikia marobota 70,000 hivi. Hata hivyo mfumo huo ulikuwa na ila kubwa: malipo yalichelewa, pengine kwa miezi mingi. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Wengi walikuwa wamekwisha kuacha pamba kabla ya sheria kubadilishwa.

Mwaka 1991 serikali ilifungua biashara ya pamba. Ilitumainiwa kwamba wanunuzi wengi wangeshindana, na bei ingepanda. Wanunuzi walikuja kweli wakati wa mavuno, lakini ni nani angekopesha mbegu na dawa? Mfanyabiashara aliyekopesha aliogopa kwamba mkulima angemwuzia mwingine, na deni likapotea. Basi kazi ya kununua ilipata wenyewe, lakini ile ya kukopesha ilikosa mtu. Wakati huohuo nguo za mitumba zilimiminika nchini, na viwanda vya nguo vikafungwa. Katika miaka ya 1990 mavuno hayakufika hata nusu ya yale marobota 70,000.

Huko Migori wakulima walikuwa na njia nyingine. Tangu miaka ya 1970 kampuni ya BAT iliwapa watu mbegu na mbolea ya tumbaku kwa mkopo, ikakata deni wakati wa kununua. Yaani kampuni ilifanya zile kazi tatu, lakini yenyewe ndiyo iliyopima ubora wa majani na kuyapa daraja. Mkulima aliepukana na hatari moja akaingia katika nyingine. Mwaka 2022 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalipowasaidia wakulima wa Migori kuacha tumbaku na kupanda maharagwe, hayakuishia katika mashauri. Yaliwapa mikopo, mafunzo na mnunuzi wa hakika.

Jambo hili si la Kenya peke yake. Nigeria ilivunja bodi yake ya kakao mwaka 1986. Ghana, ambayo bodi yake iliundwa mwaka 1947, iliruhusu makampuni binafsi kununua kakao vijijini, lakini bodi ikabaki kutangaza bei na kulinda ubora.

Kwa hiyo si haki kusema kwamba soko huria peke yake ndilo lililoua pamba, wala kwamba bodi ingaliiokoa. Bodi ilimchosha mkulima kwa kumkawiza. Soko lilimwacha bila mkopo. Anayetaka kubadili soko la mazao na ahesabu kwanza kazi zote zilizofanywa na soko la zamani, kisha aulize kila moja itafanywa na nani. Isiyopata mtu itamwangukia mwenye shamba dogo, naye ndiye asiye na akiba ya kuibeba.