Kabla Hujaingia Kwenye Kilumi



Dada mmoja wa Kitui ameniuliza: "Pasta, marehemu nyanya yangu alikuwa mtu wa kilumi. Sasa akina mama wa ile ngoma wananiita nishike nafasi yake. Wanasema nikikataa nitaugua. Nifanye nini?"

Sitamjibu kwa kuwatukana wazee wetu. Ukambani ni nchi ya ukame. Mvua ilipokosa, walipeleka sadaka ithemboni, na akina mama wakapiga kilumi. Kiu yao ilikuwa ya kweli. Lakini waliishi pia kwa kuwaogopa aimu. Roho ilipompanda mtu ilitaja inachotaka: nguo, chakula, ngoma. Ilipopewa ilitulia, kisha siku nyingine ikadai tena.

Tazama Nzaui, huku Makueni. Mwaka 1895 Peter Cameron Scott alifungua hapo kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission. Mwaka uliofuata alifariki, lakini Injili ikabaki. Hata hivyo, mwaka 1911 ngoma ya roho ilienea Ukambani, wakiongoza Siotune wa Kathuke na Kiamba. Serikali ya kikoloni ikawahamisha. Mwaka 1922, Nzaui hiyo hiyo, Ndonye wa Kauti akatangaza kwamba Mungu amesema naye na enzi mpya inakuja. Watu wakamfuata. Akakamatwa, akapelekwa uhamishoni Siyu, kule Lamu.

Kwa nini watu walifuata? Walikuwa wamelemewa na kodi na utawala wa kigeni. Mtu aliyeumia huifuata sauti yoyote inayomwahidi pumziko. Ndiyo maana 1 Yohana 4:1 inatuagiza tuzijaribu roho. Kuwa na kiu si ushahidi kwamba kila kisima kina maji safi.

Dada yangu, jiulize mambo matatu. Ngoma ikilia, anayeitwa ni nani? Unaitwa kwa upendo au kwa vitisho? Na ukishaingia, unaweza kutoka?

Mimi nasema usiingie. Yesu hakumwita mfuasi hata mmoja kwa kumtishia ugonjwa. Lakini nenda kwa hao mama kwa heshima, beba sukari na majani, uwaambie uamuzi wako bila dharau. Ukiugua, nenda hospitali na utuite tuombe.

Na wewe kanisa, usimwache peke yake. Usiku atakaoogopa, tuwe nyumbani kwake.

Soma Yoshua 24:15, kisha uchague leo.