Shaba na Mwanga: Historia ya Matundu Mawili Nyuma ya Redio

Geuza televisheni, king'amuzi au deki ya DVD utazame mgongoni. Huenda ukakuta tundu la mviringo lenye rangi ya chungwa, linalopokea pini ileile ya waya wa AV ambayo mafundi redio wameizoea kwa miongo. Pengine jirani yake, au badala yake, lipo tundu jeusi la mraba lenye kimlango kidogo. Ukikisukuma, taa nyekundu inaonekana ndani. Yote mawili hutoa sauti ikiwa bado tarakimu, kabla ya kugeuzwa kuwa umeme wa kusukuma spika, na tarakimu zenyewe ni zilezile. Hata hivyo ubishi haukomi. Muuzaji atakwambia kebo ya mwanga ni ya kisasa, kwa hiyo ni bora. Mpenzi wa muziki wa siku nyingi atakuapia kwamba shaba ndiyo yenye sauti tamu. Ubishi huo una mizizi ya kweli, na ni vizuri kuijua kabla ya kutoa fedha.

Mizizi yenyewe inaanzia Japani. Tarehe 1 Oktoba 1982 Sony ilianza kuuza CDP-101, mashine ya kwanza ya kuchezea CD iliyofika madukani, kwa yeni 168,000. CD ilikuwa kazi ya pamoja ya Sony na Philips ya Uholanzi. Sauti ilipimwa mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo kikiandikwa kwa biti 16, kwa spika ya kushoto na ya kulia. Jumla yake ni biti 1,411,200 kila sekunde. Lakini hazina hiyo yote iliishia ndani ya boksi: mashine iligeuza tarakimu kuwa mawimbi ya kawaida ya umeme, kisha ikayatuma kwenye amplifaya kwa nyaya za tangu enzi za santuri. Wahandisi wakaanza kutafuta njia ya kutoa tarakimu zenyewe nje, ili kifaa kingine kizigeuze, au kizirekodi bila kupoteza chochote.

Toshiba ilijibu mapema. Mwaka 1983 ilitoa TOSLINK, kiungo cha mwanga kilichokusudiwa kuunganisha mashine zake za CD na redio zake. Kwenye ncha moja kuna taa ndogo nyekundu inayowaka na kuzima mamilioni ya mara kwa sekunde. Kwenye ncha ya pili kuna kifaa kinachouhisi mwanga huo na kuurudisha kuwa umeme. Katikati ni uzi wa plastiki wenye unene wa milimita 1. Huu si uzi wa aina ya mikongo ya intaneti ya SEACOM na TEAMS iliyofika Mombasa mwaka 2009. Ile ni ya kioo, kiini chake ni chembamba kuliko unywele, na leza yake husafiri kilomita nyingi chini ya bahari. Plastiki ya Toshiba hunywa mwanga upesi, ndiyo sababu kebo hizi kwa kawaida huishia mita 5, na 10 kwa shida. Lakini unene wake ulikuwa neema. Haukuhitaji mtaalamu wa kulenga ncha kwa ncha. Mtu yeyote aliweza kuuchomeka sebuleni, na viwanda viliweza kuutengeneza kwa bei nafuu.

Sony na Philips nao walikuwa na lugha yao, S/PDIF, ambayo ndani yake zimo herufi za kwanza za majina yao. Ni ndugu wa nyumbani wa AES3, kanuni iliyotolewa mwaka 1985 na jumuiya ya wahandisi wa sauti pamoja na umoja wa mashirika ya utangazaji ya Ulaya kwa ajili ya studio. Studio zilipata viunganishi vizito vya XLR na umeme wa volti kadhaa. Nyumbani ikaletwa nusu volti tu, ndani ya kebo ya koaksia ya omu 75. Kebo ya namna hiyo, waya wa kati uliozungushiwa ngao ya metali, ilikuwa na zaidi ya karne moja: Oliver Heaviside aliipatia hataza Uingereza mwaka 1880. Pini yake nayo ilitoka kwenye redio na magramafoni ya kampuni ya RCA ya Marekani. Hakuna kipya kilichobuniwa hapo, na kwa maoni yangu huo ndio uzuri wake. Hata leo waya wa njano wa picha, kwa kuwa nao ni wa omu 75, unaifanya kazi hiyo vizuri, na nyumba nyingi zina mmoja umelala kwenye droo.

TOSLINK ikaazima lugha hiyohiyo ya S/PDIF. Kwa hiyo anayeuliza kipi kina sauti bora, shaba au mwanga, anauliza kuhusu njia mbili zinazobeba mzigo mmoja.

Tofauti ya kweli iko kwenye umeme, na hapa ndipo Toshiba ilipotuachia zawadi isiyotajwa vya kutosha. Shaba huunganisha mwili wa mashine moja na mwili wa nyingine. Televisheni ikiwa imeungwa na dishi lenye ethi yake juu ya paa, na amplifaya ikachomekwa kwenye soketi ya upande wa pili wa nyumba, mkondo mdogo hutafuta njia kati ya ethi hizo mbili kupitia waya wa sauti. Matokeo yake ni ule mngurumo mzito kwenye sabufa ambao mtu hubadilisha spika, kisha amplifaya, bila kuuondoa. Plastiki haipitishi umeme. Kebo ya mwanga inaukata mzunguko huo papo hapo. Kwangu hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote za kuichagua, na kwa nyumba ambazo ethi yake haijulikani ilipo, ni sababu tosha.

Imani kwamba shaba ni tamu zaidi ilitoka wapi? S/PDIF hutuma tarakimu na mapigo ya saa kwa pamoja, ndani ya mkondo mmoja. Kifaa kinachopokea lazima kichuje saa hiyo kutoka kwenye data, na njia ikiwa finyu, data yenyewe huisukuma saa mbele na nyuma kidogo. Mwaka 1992 Chris Dunn na Malcolm Hawksford wa Chuo Kikuu cha Essex waliwasilisha kwa wahandisi wa sauti utafiti uliouliza waziwazi kama kiungo hiki kina kasoro tangu kuundwa kwake. Hawakuwa wakitania. Taa na vihisio vya bei nafuu vya TOSLINK havikuwaka na kuzima kwa ukali wa shaba, hivyo mtikisiko wa saa ulikuwa mkubwa upande wa mwanga, na wenye vifaa vya gharama waliweza kuupima. Baadaye vigeuzi vikaanza kuituliza saa vyenyewe, au kuipuuza kabisa na kutumia saa yao. Sababu iliondoka, imani ikabaki.

Kuna kikwazo kingine kilichokuwa halisi. Vitoa mwanga vingi vya zamani vilikadiriwa biti milioni 6 kwa sekunde. Sauti ya kilohezi 48, yaani inayopimwa mara 48,000 kwa sekunde, pamoja na vifungashio vyake, huhitaji milioni 3, kwa hiyo inapita bila shida. Ya kilohezi 96 huhitaji milioni 6 na kidogo, na hapo ndipo inapokwama. Vitoa mwanga vipya vinafika mbali zaidi. Tena uzi wenyewe haukuwa na lawama: kampuni ya Alesis ya Marekani iliutumia mwanzoni mwa miaka ya 1990 kupitisha chaneli 8 kwa mpigo kati ya mashine zake za kurekodia za ADAT.

Kampuni za muziki ziliyaogopa matundu haya yote mawili. Kanda ya kidijitali ya DAT ilipotoka Japani mwaka 1987, ziliona nakala isiyochuja inakuja. CBS ilipendekeza kukata kipande chembamba cha sauti kwenye kila rekodi ili mashine zikatae kunakili. Maabara ya vipimo ya serikali ya Marekani iliujaribu mpango huo, na mwaka 1988 ikasema unaharibu muziki na ni rahisi kuukwepa. Suluhisho lililokubaliwa lilijificha ndani ya S/PDIF: biti chache zinazoruhusu nakala ya kwanza na kuzuia nakala ya nakala. Sheria ya Marekani ya 1992 ilizifanya kuwa lazima kwenye mashine za kurekodia za nyumbani.

Kisha DVD ikavipa viungo hivi ujana wa pili. Dolby Digital ilibana sauti ya spika sita hadi biti 448,000 kwa sekunde, chini ya theluthi moja ya CD, na ikapita ndani ya waya uliotengenezwa kwa ajili ya spika mbili. Blu-ray ya 2006 haikuwa na huruma hiyo. Sauti zake zisizopunguzwa hazitoshei humo, na kazi ikahamia HDMI, ambayo kuanzia 2009 iliweza pia kurudisha sauti kutoka televisheni kwenda amplifaya. Apple iliondoa tundu la mwanga kwenye MacBook Pro mwaka 2016. PlayStation 5 na Xbox Series X za 2020 zilitoka bila hilo.

Televisheni nyingi bado zinalo, mara nyingi bila lile la shaba. Mwenye amplifaya nzuri ya zamani yenye tundu la chungwa tu anaweza kununua kiboksi kidogo cha kugeuza mwanga kuwa shaba. Kinahitaji umeme wake. Chumba kikiwa kidogo na hakuna mngurumo, shaba inatosha, na inavumilia kukunjwa na kukanyagwa. Uzi wa plastiki uliokunjwa vibaya haupunguzi besi. Unaleta mikatiko au kimya kitupu. Na kimya kikitokea kwenye kebo isiyo na hitilafu, ingia kwanza kwenye mipangilio ya sauti ya televisheni uchague PCM, yaani tarakimu zisizobanwa, badala ya Dolby. Amplifaya nyingi zilizodhaniwa zimekufa zilikuwa zinapokea lugha zisiyoijua.