Kabla ya Kushangilia Hundi ya Benki, Soma Stori ya Mzee Raiffeisen

Kuna picha mmeziona mpaka mmezoea. Meneja wa benki kavaa fulana ya kampeni, kashika hundi ya kadibodi kubwa kama mlango, na kando yake kuna wanafunzi wa shule ya kijijini walioambiwa watabasamu. Nyuma yao kuna bango la mikopo ya wakulima. Sisi wa mtaani tunapiga laiki, tunasonga. Sina ubaya na hizo basari. Mtoto aliyelipiwa karo amelipiwa karo, na hilo ni jambo kubwa. Lakini kuna swali hatuulizi: hiyo pesa imetoka wapi, na nani aliamua iende pale?

Swali hili si la jana. Twende Ujerumani kidogo, nitawarudisha nyumbani.

Mwaka 1845, kijana wa miaka 27 anayeitwa Friedrich Wilhelm Raiffeisen alipewa kazi ya umeya Weyerbusch, kwenye vilima vya Westerwald. Hapo usifikirie meya wa magari na walinzi. Hivi vilikuwa vijiji vya wakulima hohehahe. Mara ugonjwa wa viazi ukaingia, mavuno yakaharibika, na majira ya baridi ya 1846 kuelekea 1847 watu wakaanza kulala njaa. Raiffeisen akawakusanya wenye uwezo, wakachanga, wakanunua nafaka, wakajenga tanuri la kijiji. Maskini wakapewa mkate kwa mkopo, walipe wakivuna. Kwa lugha yetu, jamaa alifanya harambee.

Akahamishiwa Flammersfeld, na huko akakuta shida ya pili: mikopo. Mkulima akifiwa na ng'ombe alikuwa hana pa kukimbilia ila kwa wakopeshaji wa riba kali. Akichelewa kulipa, ng'ombe anaenda, halafu shamba linafuata. Kama umewahi kukopa kwa simu ukaona deni likinenepa kila siku, unaelewa haraka. Mwaka 1849 Raiffeisen akaanzisha chama cha kusaidia wakulima wasio na mtaji. Matajiri kama 60 waliweka mali zao kuwa dhamana, chama kikawanunulia wakulima ng'ombe, na mkulima akalipa pole pole kwa miaka mitano.

Akahama tena, safari hii Heddesdorf, na mwaka 1854 akaanzisha chama cha hisani chenye orodha ndefu. Kutunza na kusomesha watoto waliotelekezwa. Kuwatafutia kazi waliotoka jela. Kuweka maktaba. Na kutoa mikopo. Yaani kila kitu ambacho leo benki inaweka kwenye kurasa za rangi za ripoti yake ya mwaka, huyu mzee alikuwa nacho kabla hata simu haijavumbuliwa.

Na ikamshinda. Matajiri walichoka. Ukiendelea kutoa kila mwaka na wewe hupati kitu, moyo unapoa hata kama una imani. Anayepewa naye hana sauti, anasubiri tu kuitwa. Kuna Mjerumani mwingine, Hermann Schulze-Delitzsch, aliyekuwa akianzisha vyama vya mikopo vya mafundi wa mijini, na msimamo wake ulikuwa kwamba watu wajiinue wenyewe. Raiffeisen alibishana naye kwa barua, lakini mwishowe akakubali somo. Mwaka 1864 chama cha hisani kikageuzwa kuwa chama cha mikopo ambacho mkopaji mwenyewe ni mwanachama.

Hapo mchezo ulibadilika. Chama kilibaki kidogo, cha eneo moja, ili watu wajuane. Viongozi hawakulipwa, isipokuwa mweka hazina. Kila mwanachama aliwajibika kwa madeni ya chama kwa mali yake yote, kwa hivyo ukikopa ukanywa pombe, jirani zako wanne watakuja mlangoni. Na faida? Raiffeisen alipinga watu kugawana. Iliingia kwenye mfuko wa pamoja usiogawika, uwe ngao siku ya hasara na baadaye usaidie kijiji. Hiyo nayo ni hisani, lakini wanaoiamua ni wenyewe, na pesa ni yao. Alipofariki mwaka 1888, vyama vya aina hiyo vilikuwa vimepita 400.

Hakuwa malaika. Maandishi yake yana maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi, kana kwamba riba mbaya ina kabila. Na sisi tusijifanye wasafi: hilo jina la "shylock" tunalowaita wakopeshaji wa mtaani limetoka kwa Myahudi wa kwenye tamthilia ya Shakespeare. Tuchukue wazo lake, chuki tumwachie.

Sasa turudi nyumbani. Waingereza walilichukua wazo hilo, wakalitungia sheria India mwaka 1904, na sheria za ushirika za makoloni mengine zikafuata mkondo. Kenya, chama cha kwanza kilianzishwa Lumbwa mwaka 1908, lakini kilikuwa cha walowezi. Mwafrika alisubiri hadi katikati ya miaka ya 1940 ndipo sheria ikamfungulia mlango. Fikiria hilo: chombo kilichobuniwa kwa ajili ya mkulima maskini kilikaa karibu miaka 40 hapa kwetu kikimhudumia aliyeshiba. Sacco ambayo mama yako anakatwa kila mwezi ni mjukuu wa stori hii.

Ndiyo maana hundi ya kadibodi hainitoshi. Benki ikimkopesha babu yako kwa riba ya kumkausha, halafu ikamsomesha mtoto mmoja wa kijiji kizima, imerudisha sehemu ya kilichotoka kwa hao hao wakulima, na ikapata picha juu yake. Tena ni yenyewe iliyochagua mtoto, shule na siku ya kupiga picha.

Kijana wa shambani anahitaji karo, sikatai. Lakini pia anahitaji mkopo wa mbegu usiomla, na kiti kwenye mkutano ambapo riba inaamuliwa. Kwa hivyo mkiiona tena ile picha, pigeni laiki kama mnataka, halafu muulize pale chini: riba yenu kwa mkulima ni asilimia ngapi? Na kama mzazi wako ana Sacco, mwombe umsindikize mkutano mkuu wa mwaka. Wengi huenda kwa ajili ya soda na nauli. Wewe nenda ukasikize hesabu.