Picha za Fenton zilizomsaidia mchoraji wa Vita vya Crimea

Mwaka 1855, mpiga picha Mwingereza Roger Fenton alipelekwa katika Vita vya Crimea na kampuni ya Agnew ya Manchester. Mbali na kuziuza picha zake, kampuni hiyo ilizihitaji ziwe kielelezo kwa Thomas Jones Barker, mchoraji wa taswira ya majemadari wa majeshi washirika mbele ya Sebastopol.

Fenton alibeba vioo na kemikali katika gari la farasi, lililokuwa pia chumba chake cha giza. Kwa kuwa kila kioo kilihitaji mwanga kwa sekunde kadhaa, hakuweza kunasa mapigano. Askari walilazimika kutulia tuli. Hivyo, picha zake zaidi ya 300 zilihifadhi sura na sare za maofisa, ilhali mkusanyiko wao ulipangwa kwa brashi ya Barker.